Uji wa Futari na Mkono wa Mtoto

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina ua mmoja na wapishi wengi. Mwezi wa Ramadhani wapishi huongezeka. Wifi yangu anakoroga uji wa pilipili manga, mdogo wangu wa kike anakaanga kachori, na mama yetu, ambaye wakubwa kwa wadogo tunamwita Bibi, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi huku akitoa amri kwa kila mtu. Wakati huo majiko yote yalikuwa chini. Jiko la mkaa sakafuni, sufuria juu yake, mpishi kwenye kigoda, watoto wanapita katikati. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo zilivyo nyua nyingi mtaani kwetu.

Ilikuwa baada ya alasiri. Binti ya kaka yangu, mtoto wa miaka 5, alikuwa anamfukuza paka aliyeiba kichwa cha samaki. Akalipiga jiko teke asilolikusudia, sufuria ikapinduka, na uji unaochemka ukammwagikia mkono wote wa kulia, ubavu na kipande cha paja. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka na kuondoka. Uji mzito hunata, na muda wote unaonata unaendelea kuunguza. Ndiyo maana uji huacha kidonda kirefu zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Mtoto alipiga ukelele ambao hadi leo wifi hapendi uzungumzwe. Kufumba na kufumbua ua ulijaa watu, na kila aliyeingia alikuja na dawa yake. Jirani wa nyumba ya mbele alishika dawa ya meno. Mwingine alisema unga wa ngano. Kijana mmoja alikimbilia barafu dukani. Bibi aliagiza mayai mawili, autoe ute ampake mjukuu wake, maana ndivyo walivyofanya wazee wake.

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na amewahi kusomea huduma ya kwanza. Alimnyanyua mtoto, akampeleka kwenye pipa la maji, akaanza kumwagia mkono kwa kopo, polepole, bila kusita. Bomba siku ile lilikuwa linatoa uzi tu. Tukapokezana kopo kwa zamu: yeye, kisha mimi, kisha kaka aliyefika amevaa viatu vya kazini. Watu walilalamika kwamba mtoto atashikwa na kichomi. Mdogo wangu akaagiza kanga kavu, akamfunika miguu na kifua kile kisichoungua, akaendelea. "Dakika 20," alikuwa akirudia, "dakika 20, wala isipungue." Dakika 20 za mtoto kulia ni ndefu mno, lakini hakuna tiba ya nyumbani inayozishinda. Maji ya kawaida yanayotiririka hutoa joto lililobaki ndani ya ngozi na kuzuia kidonda kisizidi kwenda chini. Hata aliyechelewa hajakosa, kwani yanasaidia mpaka saa 3 baada ya kuungua. Barafu haifai, kwa sababu hubana mishipa ya damu na kuzidi kuiua ngozi ambayo ingeweza kupona. Dawa ya meno, yai na unga hufungia joto ndani, huingiza vijidudu, na mwisho wa yote nesi hulazimika kuvisugua vitoke kabla hata hajakiona kidonda chenyewe.

Kuna jambo moja alilolifanya mdogo wangu ambalo ningependa kila mama wa pwani alijue. Mtoto alikuwa amevaa vikuku viwili vya fedha, zawadi ya arobaini yake. Wakati sisi tunahangaika na maji, yeye alivivuta vyote viwili vikatoka. Nikadhani anaogopa visipotee. Tulipofika hospitali kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na hata kidole changu kisingepita mahali pale vikuku vilipokuwa. Vingebaki, vingekata damu isiende vidoleni, na ingebidi vikatwe kwa msumeno juu ya ngozi iliyoungua.

Mkono wa gauni ulikatwa kwa mkasi. Kipande kilichogandamana na ngozi kiliachwa kama kilivyo. Tukamfunika kwa kanga ya zamani iliyofuliwa ikalainika, bila kukaza, tukapanda bajaji.

Hospitali tulipokewa na daktari kijana aliyefanya kitu ambacho kilimshangaza Bibi. Alikiangalia kiganja cha mkono mzima wa mtoto, pamoja na vidole vyake, akawa anakipima kwa macho juu ya kidonda, mara baada ya mara. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. Alipata 11. Kwa mtoto, ikizidi 10 lazima alazwe na atundikiwe dripu, hata kama anaonekana ana nguvu, hata kama anaomba maji na kuongea. Sababu ni kwamba mishipa midogo huvuja. Maji ya damu hutoka yakaingia kwenye nyama, mwili ukavimba, na huku moyo na figo vinakaukiwa. Mtoto aliyeungua anaweza kufa kwa kukauka huku amevimba.

Hesabu ya dripu aliifanya mbele yetu kwenye karatasi, na kaka, ambaye ni fundi wa mahesabu ya watu, aliifuata kwa kidole: mililita 4, mara kilo 16 za mtoto, mara 11. Jumla mililita 704 kwa saa 24, mbali na maji ya kawaida ambayo mtoto yeyote anahitaji. Nusu yake iingie katika saa 8 za mwanzo, na saa hizo zinahesabiwa tangu uji ulipomwagika, si tangu mgonjwa alipofika. Aliyechelewa njiani ana deni la kulipwa haraka. Kanuni hiyo inaitwa Parkland, kwa jina la hospitali ya Dallas, Marekani, ilikobuniwa katika miaka ya 1960. Kuthibitisha kwamba inatosha, mtoto aliwekewa mpira wa mkojo, na wifi akapewa kazi ya kuangalia mfuko. Kwa uzito wake alitakiwa atoe kama mililita 16 kila saa. Usiku ule wifi hakuswali tarawehe wala hakula daku. Alikaa na mfuko wa mkojo, na kila ulipoongezeka alisema Alhamdulillahi kwa sauti.

Tulitaka kujua kidonda ni kirefu kiasi gani. Daktari hakutaka kusema siku ya kwanza, na kwa hilo namheshimu. Kidonda cha moto hubadilika. Katikati kuna ngozi iliyokufa tayari, na kandokando yake kuna ngozi iliyo katika mizani, inayoweza kupona au kufa katika siku 2 au 3 za mwanzo, kutegemea damu inayoifikia, maji mwilini na usafi. Ndiyo hiyo inayopiganiwa. Baada ya muda huo akatuonyesha. Ubavuni na pajani malengelenge yalikuwa yamepasuka, chini yake pekundu, panauma hata kwa upepo. Hapo ni pazuri, alisema. Panapouma pana uhai, patafunga ndani ya wiki 2 au 3. Lakini kwenye kunjo la ndani la kiwiko na kwenye kifundo ngozi ilikuwa nyeupe na kavu, na alipoigusa kwa ncha ya sindano mtoto hakushtuka. Sisi tulifurahi kwamba pale hapaumi. Yeye hakufurahi.

Wiki zile za wadi zilikuwa na taratibu zake. Asubuhi dawa ya maumivu, kwanza kabisa, ndipo bandeji ifunguliwe. Ikifunguliwa kabla dawa haijashika, mtoto ataiogopa bandeji miezi yote ijayo. Kidonda kinaoshwa, kinapakwa krimu nyeupe yenye madini ya fedha au kinafunikwa kwa shashi iliyolowa vaselini ili isinate, kisha bandeji kavu, kila kidole peke yake visije vikashikana. Sindano ya pepopunda ilishatolewa siku ya kwanza. Wageni walikuja kwa mapenzi, na kila mgeni alitaka kukiona kidonda. Kaka alisimama mlangoni akawaambia, "Mwombeeni dua hapo hapo nje." Baadhi walinuna. Alikuwa na haki, kwa sababu kidonda cha moto hakina ngozi ya kukilinda, na vijidudu huua wengi ambao moto wenyewe uliwaacha.

Na chakula. Mwili ulioungua hutumia nguvu nyingi mno kujenga upya, na bila chakula cha kujenga mwili hujila wenyewe. Mtoto alitakiwa ale samaki, maharage, dagaa, maziwa, mboga za majani, na mayai. Bibi alilisikia neno mayai akalishika. Kila alfajiri alikuwa anachemsha mayai nyumbani, anayafunga kwenye leso, anayaleta wadini, na hasogei mpaka mjukuu ameyamaliza. "Haya, mke mwenzangu, la pili hilo." Yai lililokuwa lipakwe mkononi likaingia mahali pake.

Kisha daktari wa upasuaji akasema neno la kupandikiza ngozi. Sehemu ya kiwiko na kifundo isingefunga yenyewe kwa muda wa kufaa. Kidonda cha moto kikipita wiki 3 hakijafunga, huja kufunga kwa kovu nene linalovuta. Akataka kuchukua ngozi nyembamba kutoka paja la kushoto, ambalo halikuungua, na kuiweka mkononi.

Nyumbani kikawekwa kikao. Mjomba mkubwa alisema mtoto ameshateseka, kwa nini achunwe na mahali pazima? Wengine wakasema kidonda kinaanza kukauka, kiachwe kifunge chenyewe kwa uwezo wa Mungu. Wifi alilia tu. Bibi alikuwa upande wa wasiotaka, na neno la Bibi kwetu ni zito. Ila alikaa kimya muda mrefu, akavua miwani, akaanza kutueleza habari za dada yake, ambaye sisi tulimjua tukiwa wadogo kama bibi aliyekuwa akibeba mkono wake wa kushoto kifuani, siku zote umekunjwa. Hatukuwahi kuuliza. Aliungua maziwa ya moto akiwa mtoto. Wakampaka walivyovijua, wakamfunga, wakamwachia akunje mkono kwa kuwa ndivyo alivyopata nafuu. "Kidonda chake kilipona," Bibi alisema. "Tulichinja mbuzi. Mkono ndio haukupona." Akamwambia kaka, "Mwanangu, kawaambie wachukue hiyo ngozi."

Upasuaji wenyewe ni mfupi kuueleza. Mtoto alilazwa kwa nusu kaputi, ngozi iliyokufa ikaondolewa mpaka ilipotoka damu safi, na ngozi nyembamba ya paja ikatandazwa na kushonwa pembeni. Paja hupona lenyewe katika muda wa kama wiki 2, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe, na tuliambiwa mapema kwamba litauma kuliko mkono, na ni kweli liliuma. Mkono ukafungwa banzi la plasta, usitikisike hata kidogo, kwa sababu ngozi iliyohamishwa huishi kwa kunyonya kutoka chini yake mpaka mishipa mipya ya damu iiingie, ikiteleza inakufa. Siku ya 5 bandeji ilifunguliwa. Ngozi ilikuwa imeshika. Nesi mkuu wa wadi, mtu asiyecheka ovyo, alimshika wifi mkono.

Tuliporuhusiwa watu walitupongeza kwa kupona. Na hapa ndipo nataka msomaji wangu akae nami kidogo, maana hapa ndipo nyumba nyingi huacha.

Kidonda kilikuwa kimefunga, lakini kovu lilikuwa changa, na kovu changa la moto hujikunja. Linafanya kazi usiku na mchana, miezi mingi, linavuta kiungo upande wake. Likiwa ndani ya kiwiko, mkono unakunjwa. Likiwa shingoni, kidevu kinashuka kifuani. Likiwa nyuma ya goti, mguu haunyooki. Mtoto naye anasaidia kovu bila kujua, kwa sababu mkono uliokunjwa hauumi. Mtaalamu wa fiziotherapia alitwambia jambo ambalo kaka aliliandika kwenye kalenda ya ukutani: mkao unaompa mgonjwa nafuu ndio unaomlemaza. Kwa hiyo banzi usiku, mkono umenyooka, kila usiku. Mazoezi asubuhi, mchana na jioni: nyoosha mpaka kovu lipauke rangi, shikilia, hesabu, achia. Massage kwa mafuta yasiyo na manukato. Sisi tulitumia mafuta ya nazi ya Bibi. Na soksi ya mkono ya kubana, iliyoshonwa kwa kipimo chake, ivaliwe saa 23 kwa siku, ivuliwe kwa kuoga na kupakwa mafuta tu, kwa mwaka mmoja na zaidi, mpaka kovu lilainike na kupoa. Sisi watu weusi makovu yetu ni mepesi kunenepa, kwa hiyo soksi hiyo si pambo. Aliitengeneza mtaalamu wa hospitali, na ndugu yetu aliye Muscat akatuma fedha za ya pili, ili moja ifuliwe nyingine ikiwa mkononi.

Nani atamnyoosha mtoto anayelia? Kaka alijaribu, akawa anatafuta shughuli za nje ikifika saa ya mazoezi. Simlaumu, baba yeyote angekuwa hivyo. Wifi alinyoosha huku machozi yanamtoka, mtoto akaona mama analia, naye akazidi. Muwasho nao ulikuja, na hili hakuna aliyetuandaa. Kovu linalopona huwasha mpaka mtoto hulala akijikwaruza damu. Tukakata kucha, tukaweka kitambaa cha maji baridi, daktari akatoa dawa ya mzio ya usiku. Baadhi ya usiku nyumba nzima ilikuwa macho kwa ajili ya muwasho wa mtoto mmoja.

Njia ilipatikana uani. Mdogo wangu aliuteremsha kidogo ule waya wa kuanikia nguo, akamfanya mtoto kuwa mwanikaji wa soksi na leso zote za nyumba. Kuanika ni kunyoosha mkono juu, na mtoto hakujua kwamba yuko kwenye mazoezi. Kila wiki waya ulipandishwa. Wifi akamkabidhi donge la chapati alikande kwa kiganja chote. Bibi akatoa ukili, akaanza kumfundisha kusuka. Ukili unataka vidole vyote, unataka kifundo kigeuke, unataka subira. Walikaa kwenye jamvi alasiri nzima, mkono ule unapeleka na kurudisha, na Bibi akiona kiwiko kinaanza kukunjika anakivuta taratibu kwa mguu wake na kuendelea na hadithi. Shuleni mwalimu wake alikubali awe anaandika ubaoni kila siku, juu, mahali ambapo lazima ajinyooshe. Walimcheka soksi yake mwanzoni. Mwalimu aliwaeleza watoto ni ya nini, wakazoea.

Leo mkono unanyooka wote. Kovu lipo, linaonekana, jeusi zaidi pembeni na jepesi katikati, na hupakwa mafuta na kufunikwa jua kali. Bado anarudi kliniki, kwa sababu mtoto anakua lakini kovu halikui naye kwa mwendo uleule, na mahali palipokuwa sawa leo paweza kubana akiongezeka kimo.

Majiko tuliyapandisha. Fundi alijenga jukwaa la matofali mpaka kiunoni, upande mmoja wa ua, na mistari ya chokaa ambayo mtoto haivuki. Yalikuwapo maneno mtaani kwamba wifi alizembea. Nilikuwapo, na nakataa. Mwanamke anayepika sakafuni katika ua wanamopita watoto hajazembea. Amewekwa mahali pa hatari na nyumba nzima, sisi sote, vizazi kwa vizazi. Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa na taifa likaomboleza siku 3, na ilistahili. Moto wa jikoni hautangazwi redioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, wengi katika nchi kama zetu, na wengi wa hao huungua nyumbani au kazini. Wanaobaki na viungo vilivyokunjwa hawamo katika hesabu hiyo.

Basi ndugu msomaji, tazama nyumbani kwako na kwa jirani. Kama yupo mtoto ambaye kidonda chake cha moto kimefunga lakini kiwiko hakinyooki, au vidole vimeshikana, au kidevu hakiinuki, usiseme amepona. Mrudishe hospitali, uliza habari za banzi, soksi ya kubana na mazoezi. Na kama miaka imeshapita mpeleke vilevile, kwa kuwa upasuaji wa kulegeza kovu upo, na unafanyika hapa hapa nchini.